Kichuguu cha Kukhu

Salamu yetu ya kwanza ilimtia yule bibi hofu. Tulikuwa kundi zima la vijana, tumepanda kilima kutoka Mbale mjini tukihema, miche imetujaa mikononi, tukafika uani kwake na kusema kwa sauti moja, "Jambo, Mama! Habari ya hapa?" Alikuwa akipepeta maharage. Aliweka ungo chini, akasimama, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye fundo la leso aliyojifunga kiunoni. Mjukuu wake, aliyetuleta pale, alicheka mpaka akakaa chini.

"Askari inataka nini tena?" bibi alimuuliza, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie.

Baadaye mjukuu alitueleza. Katika maisha ya bibi yake, watu waliowahi kuingia uani kwa wingi namna ile wakisema Kiswahili walikuwa wanajeshi au watoza kodi. Zamani tiketi ya kodi ya mumewe ilikaa kwenye fundo lile la leso, ili ikitakiwa isitafutwe. Kodi ilishafutwa, mume alishafariki, lakini mkono haukuwa umepata habari.

Mimi niliudhika, sitaficha. Kwetu Mpumudde, kule Jinja, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Baba anauza viungo sokoni, mama alitokea upande wa Kenya, na mimi Kiswahili ndicho nilichobembelezewa na ndicho nilichochapiwa. Sikupenda kusikia kwamba ni lugha ya bunduki. Lakini katika kundi letu alikuwemo binti wa afande mmoja wa polisi, Mteso aliyekulia kambini, na yeye alisema bibi ana haki yake. Alisema Kiswahili chake yeye mwenyewe nusu nzima ni amri, na nusu iliyobaki ni matusi ambayo baba yake hajui kwamba anayajua. Bibi alipotafsiriwa maneno hayo alicheka, akatuletea viti, na kuanzia hapo tukamwita Kukhu, kama wajukuu zake wanavyomwita. Kwao ndiyo bibi.

Tulikuwa tumefika Mbale kulipa ugeni. Mwaka uliotangulia, vijana wa Mbale walikuja Jinja kuona tunavyootesha mivule nyuma ya nyumba zetu. Mvule ni mti wa Busoga, na mbegu zake zina maringo kama bi harusi: ukizizika chini sana hazioti, ukiziacha juu kuku wanazila. Sisi tulikuwa tumejifunza kwa kushindwa. Wenzetu wa Mbale walikuwa na shida nyingine. Mvua ikinyesha kwenye kilima cha Wanale, mto unashuka mjini na matope, mawe na vyungu vya watu, kwa hiyo walitaka kupanda miti na mianzi huko juu kwenye mabonde madogo, maji yanapoanzia. Wakatuambia njooni likizo hii, mlete mikono na midomo yenu. Tukaenda. Tulipanga vyumba Namakwekwe, wasichana kimoja na wavulana kingine, na kila asubuhi tulipanda boda boda mpaka barabara inapokataa, kisha miguu.

Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Wasoga, Wagisu, binti wa afande, kijana mmoja ambaye mama yake ni askari wa magereza kutoka kaskazini, sisi watoto wa Kiislamu wa sokoni, na kiongozi wetu, kijana mrefu aliyewahi kupata mafunzo ya kilimo na ambaye hakuweza kupita penye udongo bila kuinama aushike, auonje karibu. Kila mtu alikuwa na jina lake la kila mti. Tungeweza kusimama mbele ya mkuyu mmoja tukabishana mpaka chakula kipoe.

Kukhu ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mipango yote. Shamba lake la kahawa na migomba lilishuka kwenye bonde, na chini kabisa palikuwa na chemchemi ambayo nyumba nyingi zilichota. Neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote lilikuwa "hapana". Ukishika jembe, hapana. Ukimenya matoke, hapana, unatupa nyama na ganda. Ukipanda mwanzi umesimama wima, hapana, ulaze, uache macho yake yatazame juu. Mimi nina hasira za karibu, na siku za kwanza nilikuwa nikirudi Namakwekwe nikinung'unika kwamba huyu bibi hata kupumua kwangu atakukosoa. Lakini mianzi tuliyoilaza ilichipua, na ile michache niliyoisimamisha kwa ukaidi ilikauka. Nilijifunza kusema, "Haya, Kukhu, nionyeshe."

Basi ndivyo tulivyokuwa, tukicheka na kukosolewa, mpaka siku ya udongo.

Siku hiyo Kukhu alikuwa amekwenda matangani ng'ambo ya kilima, pamoja na mjukuu wake na vijana wote wa Mbale, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa ukoo wao. Sisi wa Jinja tulibaki na kazi ya kujaza viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche. Udongo wa pale ulikuwa na kokoto nyingi. Kiongozi wetu alizunguka akiinama na kuonja, mpaka akafika nyuma ya nyumba, kwenye kijisitu kidogo kilichoachwa katikati ya shamba, na humo akakuta kichuguu. Kilikuwa kikubwa, kimepita kimo cha mtu, na kichwani kimeota vichaka. Alirudi uso unang'aa. Alisema udongo wa mchwa hauna jiwe, una rutuba, na unashika maji.

Hakuna aliyesema hapana. Mwenye neno hilo alikuwa matangani. Kwetu Mpumudde kichuguu karibu na nyumba ni nyumba ya nyoka, na mtu akikusafishia unamshukuru kwa chai. Kwa hiyo hatukuchimba tu. Tulikata na vichaka vya kichwani, tukafagia, tukaona tunamfanyia bibi wa watu hisani. Udongo ulikuwa laini kama unga. Tuliimba. Mchana ulipogeuka, viriba vilikuwa vimejipanga uani safu kwa safu, na kichuguu kilikuwa kimeliwa ubavu mmoja kama mkate uliofikiwa na watoto kabla ya wageni.

Kukhu aliporudi, alipita kwenye safu zile bila kuziangalia. Alikwenda nyuma ya nyumba. Tulimfuata tukisubiri kusifiwa. Alisimama mbele ya kichuguu, akaingiza mkono ndani ya ubavu uliochimbwa, akautoa, akautazama. Hakupiga kelele. Alianza kusema na mjukuu wake kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu wa kule, taratibu, na mjukuu akawa anatutafsiria huku macho yake yako chini.

Alisema kichuguu kile ni chake. Alipoletwa pale akiwa bi harusi, mama mkwe wake alimshika mkono akamwonyesha chumba, jiko, chemchemi na kichuguu, kwa mpangilio huo. Kila boma lina chake, na kinarithiwa kama shamba. Kumbikumbi wanaotoka humo mwanzo wa mvua ndiyo kitoweo cha boma lote, wanakaangwa, wanakaushwa, wanasagwa na karanga, wanamwagiwa kwenye malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi. Kichuguu hakichimbwi. Vichaka vya kichwani havikatwi, maana ndivyo vinavyokitunzia unyevu. Na miti iliyokizunguka haiguswi, kwa kuwa kichuguu kinataka kivuli. Kijisitu chote kile, ambacho sisi tulikuwa tumekisifu kwa kushika ardhi ya juu ya chemchemi, kilikuwa kimesimama miaka yote kwa ajili ya wadudu.

 Kiongozi wetu alikung'uta udongo wa viganjani mwake juu ya kichuguu.

Lakini lililomuumiza Kukhu hasa lilikuwa jambo jingine, nalo lilifika lenyewe kabla jua halijatua, likitembea kwa miguu miwili. Lilikuwa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mzee huyu alifyatua matofali, na matofali yake yalipelekwa mjini, mengi yakiishia kwenye majengo ya kule Divisheni ya Viwanda. Udongo wa kichuguu hutoa tofali gumu, kila mfyatuaji anajua, na mzee alikuwa amekitamani kichuguu kile tangu kaka yake azikwe. Kila alipokiomba, wazee wa boma walimjibu jibu moja: kichuguu chenye kumbikumbi ni chakula, hakivunjwi. Sasa alikizunguka polepole, akakigonga kwa kisigino, akautazama ubavu uliochimbwa, na akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyekuta mlango ambao siku zote umefungwa leo uko wazi.

Alisema masika iliyopita kumbikumbi walitoka wachache, na sasa wageni wa Kukhu mwenyewe wamekimaliza.

"Kama iko hai, itatoa," alisema. "Kama haitoi, ni udongo tu."

Wazee waliitwa. Walikaa uani wakaamua hivi: mvua ziko karibu, zisubiriwe. Kumbikumbi wakitoka, shemeji asikiombe kichuguu tena maisha yake. Wasipotoka, achukue udongo afyatue, na miti ya kijisitu iwe kuni za tanuri. Kukhu alikubali kwa kutikisa kichwa. Binti wa afande alinishika mkono, na sote wawili tulikuwa tukitazama ile miti, kisha bonde, kisha chemchemi. Tulikuja kupanda miti Wagisu wasisombwe na matope, na hapo tulikuwa karibu kuikatisha ile iliyokuwepo.

Usiku ule Namakwekwe hapakuwa na kicheko. Nilimkasirikia kiongozi wetu kwa maneno makali, na yeye akayakubali yote, na hilo lilinikera zaidi kwa sababu jembe nililoshika mimi nalo halikuchimba peke yake. Mwenye nyumba wetu, Mwislamu muuza vitambaa, alitusikia kupitia ukutani. Asubuhi alituambia kuvunja ni kazi ya mara moja, kurudisha ni ya wote. Alituazima majerikeni yake.

Tulimwaga viriba vyote. Kila chembe ya udongo ilirudi ilikotoka, tukiupiga maji na kuukandika, na Kukhu akiwa amesimama nyuma yetu na "hapana" zake. Hapana, usipige sana, wanakosa hewa. Hapana, maji kidogo. Hapana, nyasi hizo zina harufu. Nilizifurahia hapana zile kuliko ukimya wake wa siku iliyotangulia. Kiongozi wetu alibeba maji kutoka chemchemini bila kutumwa, akapandikiza vipande vya vichaka kichwani kwa kichuguu, akavifunika nyasi. Tukamaliza. Kichuguu kilikuwa kama mtu aliyetoka hospitali na bandeji, lakini kilikuwa kimesimama.

Kisha tukabaki kusubiri mvua, na katika kusubiri kule urafiki wetu ulikomaa. Tulirudi kwenye mianzi, na midomo ikawa na kazi moja, kumbikumbi. Iligundulika kwamba hakuna kabila hata moja katika kundi letu lisilowala. Binti wa afande alisema kwao Teso wanapiga vijiti juu ya kijiti, kando ya kichuguu, mpaka wadudu wadhani mvua imerudi. Yule wa kaskazini alisema kwao wanachimba kishimo mlangoni na kumwekea mdudu mwanga, atembee mwenyewe mpaka mautini. Wasoga walisema bila majani ya mgomba na blanketi hakuna kitu. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ng'ambo ya mto wa kwao watu hawajui kuita kumbikumbi.

Ndipo mmoja wetu, kijana wa msikitini mwenye kupenda maswali, akauliza kama kumbikumbi ni halali. Palizuka ubishi. Nikampigia mama simu, nikaweka sauti ya wote wasikie.

"Panzi mnawatafuna mpaka miguu," mama alisema, "leo kumbikumbi ndiyo mnamtafutia fatwa?"

Akaongeza kwamba nikirudi bila kumletea hata kikombe kimoja, nisipitie mlango wa mbele.

Mvua ilikuja mchana mmoja kwa kishindo, ikanyesha mpaka asubuhi ya pili. Mto wa mjini uligeuka kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulipopanda kilima tulikuta mianzi yetu imelala salama mahali tulipoilaza. Jua likatoka, ardhi ikaanza kutoa mvuke, na mjukuu wa Kukhu alitukuta njiani akikimbia. Bibi yake alikuwa ameona matundu madogo ubavuni, upande ule ule tuliokandika, yamefunguliwa kutoka ndani.

"Wako hai," mjukuu alisema.

Lakini kuwa hai si kutoka, akatukumbusha. Kama hawakuitwa vizuri wangeweza kusubiri mvua nyingine na nyingine, wakaruka kidogo kidogo kwa nyakati zao, na wazee wasione kitu. Walikuwa wamesema watakuja siku ya jua la kwanza baada ya mvua, na siku yenyewe ilikuwa hiyo.

Tulijenga hema dogo juu ya kichuguu, fito za mwanzi, majani ya mgomba na blanketi mbili za Kukhu, giza ndani, tundu moja la mwanga upande wa chini, na chini ya tundu tukachimba kishimo tukakitandika majani. Kumbikumbi akitoka hufuata mwanga, na mwanga ungempeleka kishimoni. Wazee walifika wakakaa kwenye viti. Shemeji naye akafika na vijana wake wawili wa kazi, majembe begani, na mkononi ameshika kalibu yake ya kufyatulia matofali, ile ya mbao nzito iliyopigiliwa bati, imelainika kwa miaka ya matope. Aliiweka chini akaikalia.  Kuja na kalibu ilikuwa ni maneno ya kutosha.

Kukhu akatugawia vijiti. Nilingoja atuonyeshe namna ya kupiga. Hakutuonyesha. Alisema tu, "Piga," akaenda kukaa mlangoni pa jiko, penye kivuli, ungo wake mapajani.

Basi tukapiga. Mimi mkono wangu hujua mapigo ya dufu la maulidi, hayo ndiyo niliyopiga. Binti wa afande alipiga kama gwaride, kushoto kulia. Wasoga walipiga mapigo yao ya kiuno. Vijana wa Mbale wakaingiza ngoma ya msimu wa tohara, na hiyo haivumiliki, mzee mmoja alianza kutikisa mabega kitini. Kelele ilikuwa tamu, watoto wa jirani wakaja kucheza, na kwenye tundu la mwanga hakutokea hata mdudu mmoja. Tukabadilishana zamu. Tukaongeza nguvu. Jua lilikuwa likipanda, udongo ulikuwa ukikauka, na kiongozi wetu alikuwa amepiga magoti mbele ya tundu, jasho linamtiririka, macho hayapepesi.

Hofu ilinishika. Niligeuka kumwangalia Kukhu, nikitarajia "hapana" yangu. Nilikuwa naiomba. Mwanamke aliyenikosoa namna ya kushika kisu, ya kukaa kwenye kigoda, ya kufua kitambaa cha kichwani, alikuwa akipepeta maharage yake kimya wakati tunakosea mbele ya macho yake. Na hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anamtazama shemeji yake. Nikafuata macho yake. Mzee alikuwa amekaa wima juu ya kalibu, uso mkali, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikigonga goti lake. Vinaacha, vinagonga tena. Kila tulipokosea, alikaza taya kama mtu anayesikia sahani zikivunjwa jikoni kwake.

Nilielewa kitu, lakini nusu tu. Nikaongeza kupiga dufu langu, kwa nguvu zote.

"Hapana piga hivyo!" Mzee alikuwa amesimama. "Nyinyi hapana ita kumbikumbi. Nyinyi nafukuza."

Tulishusha vijiti wote. Binti wa afande, mwenye adabu ya kambini, alimwinulia vijiti kwa mikono miwili. Mzee alivitazama kwa dharau, vilikuwa vyepesi mno. Aliinama, akaichukua kalibu, akaigeuza juu chini, akaikandamiza ubavuni kwa kichuguu, akachukua kijiti kimoja tu.

"Mvua hapana kimbia," alisema, tayari sauti yake imeshuka. "Inaanza kidogo. Inasikiliza kwanza."

Akagonga mara moja. Akasubiri. Akagonga tena, mbali kidogo, kisha karibu, kisha mbili zikafuatana. Mbao ya kalibu ilitoa mlio wa chini ambao niliusikia kwenye nyayo zangu. Yalikuwa ni matone. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo: nilisikia mvua inakuja kutoka upande wa kilima, inafika kwenye migomba, inafika kwenye bati, na mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu. Mzee alifumba macho. Midomo yake ilianza kuimba kitu kidogo cha kitoto, na wazee kwenye viti wakaitikia bila kuangaliana. Mmoja wao alimnong'oneza mjukuu wa Kukhu, naye akaninong'oneza mimi, kwamba walipokuwa wadogo wote, boma zima lilimtafuta huyu. Kaka yake alikuwa na shamba, yeye alikuwa na mkono.

Kiongozi wetu ndiye aliyewaona kwanza. Alitoa sauti ndogo ya ajabu. Kwenye tundu la mwanga alikuwa amesimama kumbikumbi mmoja, mbawa zake ndefu, anasitasita kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue. Akaanguka kishimoni. Wakafuata wawili. Kisha wakaja kama maji, wakimiminika juu ya udongo ule ule tuliokuwa tumeuiba na kuurudisha, wakapandana, wakajaa kishimo, wakapenya pembeni ya blanketi na kupaa kwenye jua, na kuku wakapata wazimu. Watu walikimbia na mabeseni, masufuria, kofia. Binti wa afande alikuwa anawala wabichi, wazima, mbawa zimemganda kidevuni. Kijana wa msikitini alisahau maswali yake yote. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na sikuona haya.

Shemeji hakuacha. Mbawa zilikuwa zimemjaa kwenye nywele na mabegani, na alikuwa anaendelea kugonga, macho yamefumbwa, kijana wa miaka kumi mwenye mvi. Alikuwa ni mmoja wa vijana wake wa matofali, jembe bado begani, aliyemwinamia na kumwuliza kwa sauti ya chini kama waanze kuchimba au warudi nyumbani.

Mzee alifumbua macho. Alikitazama kichuguu, akaitazama kalibu mkononi mwake, akawatazama wazee ambao wote walikuwa wakimtazama yeye. Niliona habari inamfikia usoni polepole. Kisha akageuka kumtafuta Kukhu. Alikuwa bado amekaa jikoni, ungo mapajani, na maharage yake, niliyoyaona yakipepetwa asubuhi yote, yalikuwa safi tangu asubuhi.

"Shemeji," mzee alisema.

"Shemeji," Kukhu alijibu.

 Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, cha mtu aliyeibiwa na akampenda mwizi, na wazee wakacheka, na Kukhu akainuka akaja kumpangusa mbawa mabegani kwa pindo la leso yake, lile lile la fundo. Akaichukua kalibu kutoka mkononi mwake kana kwamba anampokea mgeni mzigo. Akaenda kuitundika ukutani jikoni.

Chakula cha siku ile sijapata kukila tena. Mama alipata kikombe chake, na nikapitia mlango wa mbele. Kiongozi wetu siku hizi anatengeneza mboji yake mwenyewe, na mtu akimtajia udongo wa kichuguu anaondoka. Vijana wa Mbale wanakuja Jinja, sisi tunapanda Mbale, mianzi ya bondeni imefika mabegani mwetu, na bado hatujakubaliana jina la ule mkuyu.

Kalibu bado imetundikwa jikoni kwa Kukhu. Shemeji alitengeneza nyingine kwa ajili ya matofali yake, na anachimba udongo mahali pengine. Lakini kila masika, jua la kwanza likitoka baada ya mvua, huja asubuhi na mapema, anabisha hodi, na kumwomba Kukhu amwazime kalibu yake. Naye Kukhu humwambia airudishe ikiwa safi.